Sura ya Saba: Mmea Ambao Hakuna Aliyeung'oa

Wauza miti shamba wa soko la Chwele, kaunti ya Bungoma, hawaandiki majina ya dawa zao. Hutandaza gunia chini, na juu ya gunia hupanga mafungu: magome huku, majani makavu kule, mizizi mbele kabisa ambako mteja akiinama ataigusa. Ukitaka mukombero utaonyeshwa mzizi, wala muuzaji hatakuuliza kama umewahi kuliona jani lake. Kwa sababu hiyo nilimpelekea mmoja wao karatasi nane nilizochapisha kwenye saiba mjini Kitale. Nilikuwa nimekusudia ishirini, lakini bei ya rangi ilinirudisha nyuma.

"Mulembe, kukhu," nilisema, yaani amani, bibi.

"Mulembe, mwanangu. Hizo ni picha za nini?"

Nikamwambia ni za kitabu cha zamani cha Wazungu, kitabu cha mimea, ila hakuna anayejua ni mimea gani. Alizipokea, akazipindua moja moja bila haraka. Nilitazama macho yake. Hayakwenda kwenye ua, ingawa maua ndiyo yaliyopakwa rangi kali. Yalikwenda chini, kwenye mzizi.

"Aliyechora hivi alikuwa na shamba?"

"Sijui, kukhu. Hata jina lake halijulikani."

"Basi mimi nakwambia hakuwa nalo. Shina hili limechomekwa juu ya mzizi kama jembe kwenye mpini. Mmea hauoti hivyo." Akairudia karatasi nyingine. "Na huu mzizi una vichwa vya watu. Huyu hakung'oa kitu."

Nilikuwa nimesoma kuhusu kitabu hicho kwa miaka kadhaa, na katika yote niliyosoma ni machache yaliyonifungua macho kama maneno hayo. Sura hii ni jaribio la kukitazama kitabu chenyewe kwa jicho la kukhu wa Chwele: kueleza kilichomo kabla ya kudai kujua kinasema nini.

Kitabu kinaitwa Hati ya Voynich, na kimehifadhiwa katika Maktaba ya Beinecke ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, kwa namba MS 408. Usidhani ni kitabu kikubwa. Urefu wake ni sentimita 23 na nusu, upana 16 na kidogo. Kimezidi kidogo tu daftari la mwanafunzi. Majani yaliyobaki ni 102, lakini kwa kuwa baadhi hukunjuka kama ramani, kurasa zinafika karibu 240. Majani yamepigwa namba mpaka 116, kwa hiyo tunajua kwamba kumi na kadhaa yamepotea njiani. Jalada halina jina la kitabu wala la mwandishi.

Kimeandikwa juu ya ngozi ya ndama iliyoparwa ikawa nyembamba kama karatasi. Waliohesabu wanasema zilihitajika ngozi zisizopungua kumi na nne. Kwa mtu wa Bungoma, ambako mahari bado huhesabiwa kwa ng'ombe, hesabu hiyo inasema zaidi ya maneno mengi ya wataalamu. Anayetumia ndama kumi na wanne ili kuandika upuuzi lazima awe na zizi kubwa mno au wazimu mkubwa mno.

Mwaka 2009 vipande vidogo vya ngozi hiyo vilipimwa kaboni katika Chuo Kikuu cha Arizona. Jibu lilikuwa kwamba ndama hao waliishi kati ya mwaka 1404 na 1438. Ni kipindi kile kile ambacho Malindi ilimpelekea mfalme wa Uchina twiga, mwaka 1415. Wino nao ni wa kawaida kwa Ulaya ya enzi hizo, uliotengenezwa kwa madini ya chuma na vivimbe vya mti wa mwaloni. Basi ngozi ni ya kawaida na wino ni wa kawaida. Hata rangi ni za kawaida: kijani, kahawia, manjano, buluu, nyekundu, zimepakwa kwa pupa kiasi kwamba mahali pengine zimevuka mstari, mithili ya mtoto wa chekechea aliyeharakishwa. Kigeni ni maandishi.

Ukifungua ukurasa wowote, jicho linadhani litasoma. Mistari imenyooka, inakwenda kutoka kushoto kwenda kulia, maneno yametengwa kwa nafasi, aya zinaanza na kuisha. Kuna herufi kama o na herufi kama a. Kuna alama kama 9 ndogo inayopenda kukaa mwisho wa neno, na nyingine kama 4 inayopenda kukaa mwanzo, tena karibu kila mara ikifuatwa na o. Kuna alama nne ndefu zenye vitanzi juu, zinazosimama katikati ya wenzao kama nguzo za goli. Wataalamu wamezibandika jina la miti ya kunyongea, na aya nyingi huanza na mojawapo. Jumla ya herufi ni ishirini na kitu, au zaidi kidogo, kutegemea unahesabu vipi zilizoungana. Hakuna nukta wala mkato. Masahihisho karibu hayapo: mkono umekwenda bila kusita, kama mkono wa mtu anayejua anachokiandika au anayenakili kilichokwisha kuandikwa. Maneno yote ni kama 38,000.

Ni dhahiri pia kwamba picha zilitangulia. Maandishi yanazunguka majani, yanaruka shina na kuendelea ng'ambo, yanajibana pale ua lilipochukua nafasi. Mchoraji alimaliza, ndipo mwandishi akaingia.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana neno la kusema, na sijaona likisemwa vya kutosha. Wasomi wa Ulaya na Marekani walishangaa kuona kwamba maneno ya hati hii yana mpangilio mkali: alama fulani hukaa mwanzo tu, nyingine katikati, nyingine mwisho, mithili ya abiria wenye viti vyao. Wengine wakasema lugha ya binadamu haiwezi kuwa hivyo. Lakini sisi tunasema "ananipenda", "watakuona", "hatukumwambia", na kila kipande kina nafasi yake. Ukikihamisha, neno linakufa. Walishangaa pia kuona neno lile lile likiandikwa mara mbili mfululizo. Sisi husema pole pole, haraka haraka, sawa sawa, na hakuna anayetuita wazimu. Kuna mahali katika hati neno linarudi mara tatu bila kupumua. Hapo hata mimi hunyamaza.

Mwaka 1976 Mmarekani mmoja, William Bennett, alipima kwa hesabu jinsi herufi moja inavyokuwezesha kubahatisha inayofuata. Akakuta kwamba maandishi haya yanabashirika kuliko Kiingereza au Kilatini, na kwamba lugha zilizokaribia tabia hiyo ni zile za visiwa vya Pasifiki kama Kihawaii, ambacho hufunga kila silabi kwa irabu. Kiswahili nacho kina mwelekeo huo huo. Tafadhali, msomaji, usikimbie kutangaza kwamba hati imeandikwa kwa Kibantu. Nimeeleza hili kuonyesha jambo dogo zaidi: kinachoonekana cha ajabu kwa mtu wa lugha moja ni cha kila siku kwa mwingine, na wengi waliotoa hukumu juu ya maandishi haya walikuwa wakiyalinganisha na lugha tano au sita walizosoma shuleni.

Mwaka huo huo wa 1976, Prescott Currier, aliyekuwa mvunja misimbo wa jeshi la majini la Marekani, alitoa uchunguzi ambao mpaka leo haujatikiswa. Aligundua kwamba hati ina namna mbili za maandishi. Herufi ni zile zile, lakini maneno yanayopendwa upande mmoja yanaadimika upande wa pili, na tofauti hiyo inafuatana na tofauti ya mkono. Mwaka 2020 Lisa Fagin Davis, mtaalamu wa hati za kale, alitofautisha mikono mitano. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi mzito kuliko wote dhidi ya wanaosema kitabu ni utapeli wa mtu mmoja. Tapeli mmoja naweza kumwelewa. Watu watano waliokaa pamoja, wakajifunza herufi ambazo hakuna mwingine duniani aliyezitumia, wakaandika kurasa mia mbili bila kukosea? Hao walikuwa na mwalimu, au shule, au angalau meza moja.

Sasa twende kwenye picha.

Karibu nusu ya kitabu ni mimea, mmoja kwa ukurasa, mkubwa kutoka juu hadi chini. Maktaba yenyewe inahesabu aina 113 ambazo hazijatambuliwa. Michache inakaribia kutambulika: kuna ua dogo linalofanana sana na urujuani wa bustani za Ulaya, na mmea mwingine unaokaa kama yungiyungi la majini. Mingine ni mseto. Majani yamekaa kwa mpangilio wa saa ya ukutani, maua yana umbo la vikombe na magurudumu, mizizi imekuwa makucha au nyoka. Katika ukurasa mmoja mnyama mdogo kama kenge ameinama chini ya jani, kana kwamba analila. Na ule wa vichwa vya watu, uliomchukiza kukhu, upo kweli; si makosa ya printa ya saiba.

Kukhu hakuwa wa kwanza kuwatazama wachoraji kwa mashaka, ila wengi waliomtangulia walitazama kwa hamu ya kupata. Mwaka 1944 mtaalamu wa mimea aitwaye Hugh O'Neill aliona katika kurasa hizi alizeti na pilipili, mimea ya bara la Amerika, akakata shauri kwamba kitabu hakingeweza kuandikwa kabla Columbus hajarudi mwaka 1493. Hoja ilikuwa safi, jicho ndilo lililoteleza. Ngozi ilipokuja kupimwa ikaonekana ndama wamemtangulia Columbus kwa zaidi ya nusu karne. Ile alizeti ilikuwa ua lenye petali nyingi, na maua yenye petali nyingi yamejaa duniani.

Mwanzoni mwa kila ukurasa wa mmea kuna neno ambalo aghalabu halionekani kwingine. Nilipoliona hilo kwenye chati nilikumbuka Makumbusho ya Kitale. Nje ya jengo kuna njia inayopita kwenye msitu mdogo wa asili, na miti imewekewa vibao vya majina. Unaanza na jina, ndipo unausoma mti. Watafiti wengi walifikiri vivyo hivyo: neno la kwanza ni jina la mmea, kibao chake. Shida ni kwamba kitabu kina sehemu nyingine ya dawa ambayo, kama ingekuwa ya mimea hiyo hiyo, tungetarajia kuyakuta majina hayo yakirudi. Kwa kawaida hayarudi. Ni kama vibao vya msituni ambavyo muuza dawa aliye nje ya lango hajawahi kuvisikia.

Sehemu hiyo ya dawa ndiyo iliyonipeleka Chwele. Pembeni mwa ukurasa kuna mitungi iliyopambwa, imepangwa mmoja juu ya mwingine, na mbele ya kila mtungi safu ya vipande: mzizi, jani, mzizi, mzizi, jani. Hakuna mmea mzima. Ni mafungu, kama kwenye gunia. Nilipomwonyesha kukhu karatasi hiyo alicheka kwa mara ya kwanza. "Huyu sasa ni mwenzangu," alisema. Halafu akaongeza kwamba mitungi ni ya fahari mno, dawa haihitaji mtungi wa harusi.

Katikati ya mimea na dawa kuna nyota. Watu wa Pwani wanaosoma falaki wangejisikia nyumbani hapa kuliko sisi wa bara, kwa sababu kuna duara kumi na mbili za buruji, na kila moja ina ishara yake katikati. Zinaanza na Hutu, samaki wawili. Hamali na Thauri zimegawanywa kila moja nusu mbili. Akrabu amechorwa kama mjusi, na Kausi, badala ya kuwa nusu farasi kama ilivyozoeleka, ni mtu tu ameshika upinde wa chuma wa askari wa Ulaya. Jadi na Dalu hazipo. Zilikuwa kwenye jani lililopotea. Kuizunguka kila ishara wamesimama wanawake wadogo, wengi wao uchi, kiasi cha thelathini kwa kila buruji, kila mmoja ameshika nyota, na kando yake kuna neno. Majina ya miezi yameongezwa na mkono mwingine, kwa lugha ya jamii ya Kifaransa na herufi za kawaida. Hayo ndiyo karibu maneno pekee yanayosomeka katika kitabu kizima, na si ya mwenye kitabu.

Thelathini kwa kila buruji: hapo hakuna fumbo kubwa. Ni nyuzi za duara la mbingu, au siku za mwezi. Mmoja kati ya Wabukusu watatu niliowaonyesha duara hilo hakuona mbingu kabisa. Aliona marika. Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa: marika manane yanayofuatana na kurudi mwanzo, kila rika likijazwa na vijana wanaotahiriwa Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili. Akaniambia, kama ungetaka kumchorea mgeni jinsi tunavyohesabu wakati, ungechora hivi hivi: duara, na watu wamesimama ukingoni. Alikuwa na haki, na ni onyo pia. Duara lenye watu linaweza kubeba kalenda ya mtu yeyote. Mswahili wa Lamu angeliona talasimu.

Baada ya nyota ndipo kitabu kinakwenda mahali ambapo sijui mfano wake. Wanawake wale wale, wengine wamevaa taji, wamo ndani ya mabwawa ya maji ya kijani na buluu. Wanaoga, wanasimama kwenye mapipa, wanashikana mikono, wanatumbukiza miguu kwenye mabomba. Mabomba hayo yanapinda na kugawanyika na kutoa mvuke, nusu kama ya fundi, nusu kama matumbo. Wengine wamesema ni tiba ya bafu, kwa kuwa Ulaya ya karne ya 15 ilikuwa na vitabu vya chemchemi za maji moto. Wengine wamesema ni mwili wa mwanamke kwa ndani. Nakiri kwamba kila ninapozitazama kurasa hizo nahisi mchoraji alifurahi kuzichora, hisia ambayo sikuipata kwenye mimea.

Kuna pia karatasi moja kubwa inayokunjuka mara kadhaa, yenye duara tisa zilizounganishwa kwa njia. Ndani ya duara moja kuna ngome ndogo, na kuta zake zina meno yaliyochanjwa mfano wa mkia wa mbayuwayu. Meno ya namna hiyo yalikuwa ya kawaida kwenye ngome za kaskazini mwa Italia. Ni alama ndogo kama ukucha, lakini katika kitabu kisichotaja mahali popote, ukucha unatosha kumfanya mtu asilale.

Mwisho ni kurasa za maandishi matupu: aya fupi fupi zaidi ya mia tatu, kila moja na nyota pembeni. Huenda ni maelekezo ya dawa. Huenda ni siku za mwaka. Mstari wa mwisho ukiisha, kitabu kimekwisha, na hujajifunza neno hata moja.

Kuhusu safari za kitabu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa wengi wameandika mengi hapo kuliko panavyostahili. Barua iliyoandikwa Prague miaka ya 1660 na daktari Johannes Marcus Marci inadai kwamba kaizari Rudolf wa Pili alikinunua kwa dukati 600. Kilikuwa mikononi mwa mwanaalkemia Georg Baresch, aliyemwandikia padri Mjesuiti Athanasius Kircher wa Roma akiomba msaada wa kukisoma. Kircher alijulikana kwa kudai kwamba amesoma maandishi ya Wamisri wa kale, na alikuwa amekosea. Hakukisoma hiki pia. Mwaka 1912 mfanyabiashara wa vitabu Wilfrid Voynich alikinunua kwa Wajesuiti karibu na Roma, na ndiyo asili ya jina. Baada yake na ya mkewe Ethel, aliyekuwa mwandishi wa riwaya, kilinunuliwa na H. P. Kraus kwa dola 24,500. Kraus hakupata mteja. Mwaka 1969 akakitoa zawadi kwa Yale.

Waliodai kukisoma ni wengi. Mwaka 1921 William Newbold wa Pennsylvania alitangaza kwamba ndani ya kila herufi kuna vistari vidogo vya siri, na kwamba vinaeleza darubini na nyota za mbali. Miaka kumi baadaye John Manly alionyesha kwamba vistari hivyo ni nyufa za wino uliokauka juu ya ngozi. Newbold alikuwa amekwisha kufa. William Friedman, aliyeongoza kazi ya kuvunja msimbo wa Wajapani katika Vita vya Pili vya Dunia, alikusanya kundi la wenzake mwaka 1944 na kuirudia kazi hiyo kwa miaka mingi. Alikufa akiamini kwamba ni lugha iliyobuniwa, bila kuisoma. Mwaka 2019 mtafiti mmoja alisema ameifumbua kwa wiki mbili, chuo kikuu cha Bristol kikatangaza habari hiyo, kisha kikajitenga nayo siku chache baadaye. Waliodai kukisoma wana kitu kimoja. Walianza na jibu.

Kisa changu cha kupinga haraka hizo kiko karibu na nyumbani. Ukitoka Bungoma kuelekea Malaba, upande wa Teso katika kaunti ya Busia, kuna jabali la Kakapel kwenye vilima vya Chelelemuk. Ukuta wake umechorwa kwa nyekundu na nyeupe: duara ndani ya duara, na ng'ombe wenye pembe ndefu, tabaka juu ya tabaka, kazi ya watu wa zama tofauti. Hakuna anayejua kwa hakika duara hizo zilimaanisha nini kwa aliyechora wa kwanza. Lakini chini ya ukuta huo huo wachimbaji walichekecha udongo, na mwaka 2024 watafiti, miongoni mwao Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha walichokipata: mbegu zilizoungua motoni. Kulikuwa na wimbi. Kulikuwa na mtama. Kulikuwa na kunde ya miaka kama 2,300 iliyopita.

Fikiria hilo. Punje moja ya kunde iliyoungua, ikiwa nyeusi kama mkaa, inatajwa jina baada ya miaka 2,300 bila ubishi. Na mmea uliochorwa mzima miaka mia sita iliyopita, wenye mzizi na ua na rangi na maelezo yaliyoandikwa pembeni, hakuna anayeweza kuutaja. Tofauti ni kwamba kunde ilitoka shambani, ilhali mmea wa hati hii ulitoka kwenye kitabu kingine. Wanakili wa Ulaya wa enzi hizo walichora mimea kwa kunakili picha za waliowatangulia, nao za waliowatangulia wao, mpaka jani likageuka mkono na mzizi ukapata uso. Vitabu vinavyosomeka vya karne hiyo vina mizizi ya ajabu vilevile. Tunaitambua kwa sababu jina limeandikwa juu yake. Toa jina, na hata mtaalamu atabaki anakisia.

Kwa hiyo hukumu yangu, kwa uzito wake mdogo, ni hii. Watu kadhaa walioishi pamoja, labda karibu na milima ya kaskazini mwa Italia, walikusanya elimu ya dawa, ya nyota na ya maji kutoka vitabu vya wengine, wakaiandika kwa herufi zao wenyewe kwa sababu walizozijua wao. Sidhani kwamba ndani yake kuna siri itakayotikisa dunia. Nadhani tukija kuisoma tutakuta maelekezo ya tumbo la kuuma.

Picha za kurasa zote zimewekwa wazi na Maktaba ya Beinecke kwenye intaneti, bila malipo, kwa hiyo usikubali kuuziwa tafsiri na mtu yeyote kabla hujazitazama mwenyewe. Ukizichapisha, mwonyeshe kwanza mtu anayechimba mizizi, halafu profesa.

Kutoka Chwele nilirudi na karatasi tano. Tatu kukhu alizikunja akafungia magome, mteja alikuwa anasubiri.